Fedha na Chenji

Nyasi kavu, za Shija wa Igoma: mafungu manne, elfu nane.
Nimemkanya asikate za bondeni, zina unyevu,
zinaota ukungu kabla sijafika nazo Mabatini.
Anacheka. "Mama Milembe, hata ng'ombe wa babu hawakuchagua hivi."

Barafu, donge moja kwa siku, mia tano.
Natoka nalo Mwaloni ndani ya kiroba,
linanidondokea mgongoni mlima mzima,
na wauza dagaa wananiuliza ni samaki gani huyo
ninayemgandishia kila siku wasimwone.
Elfu kumi na tano.

Umeme wa feni, elfu kumi,
ukiwepo.

Jivu la kuogea. Ndiyo, wanaoga jivu,
maji yakiwagusa ni ugonjwa.
Mwanzo niliwapa vumbi la wagonga kokoto, la hapa hapa, la bure;
macho yakawavimba wao, nikalia mimi.
Sasa jivu linatoka Arusha, la mlima uliowahi kutapika moto,
linapanda basi, linalipiwa nauli kama mtu: elfu sita.

Jumla thelathini na tisa.
Kodi ya chumba changu arobaini.
Bado buku moja wao na mwenye nyumba wawe sawa.

Majirani wanasema nafuga panya wa kizungu.
Nkwimba aliuliza, kwa adabu, kama wanaliwa.
Bwana mifugo aliwageuzageuza, akawachungulia meno,
akaandika kwenye cheti "sungura", akaweka alama ya kuuliza,
akachukua elfu kumi.
Hiyo sikuiandika. Nilikuwa na hasira.

Walikuwa wa mtoto wa injinia wa dhahabu,
nyumba ile ya Kapripointi niliyoifagia miaka sita.
Siku ya safari alinikabidhi kizimba, machozi na orodha ya masharti.
Baba yake akasema, nitatuma kila mwezi.
Alituma mitatu.
Mwezi wa nne niliitazama simu mpaka ikazima yenyewe.

Majina waliyokuja nayo yalinishinda ulimi.
Huyu mkubwa, kwa rangi yake, nikamwita Fedha:
ndiyo fedha pekee niliyobakiwa nayo ya wale watu.
Yule mdogo nikamwita Chenji.

Septemba, ziwa limetulia kama bati jipya.
Nilikuwa Bwiru, nafua mashuka ya wageni.
Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa kumi.
Nikakuta barafu imekuwa beseni la maji ya vuguvugu,
na Chenji kalala ubavu,
masikio mekundu kama ya mtu aliyetukanwa hadharani.
Nilimpepea kwa daftari hili hili.
Kama zile za dukani, Chenji haikurudi.

Mwisho wa mwezi nikagawa kwa mbili.
Hesabu ikakataa.
Barafu haijui idadi. Feni haijui idadi.
Jivu la mmoja linachafuka sawa na la wawili.
Shija peke yake alipunguza fungu moja, akasema pole.
Elfu mbili.
Noti mbili za buku, nimezibana kwenye ukurasa wa Septemba
na sizigusi, hata chumvi ikiisha.

Milembe anasema, mama, kuna mtu Nyegezi anamtaka, muuze.
Orodha ya yule mtoto inasema wanaweza kufika miaka ishirini.
Thelathini na saba mara kumi na mbili, mara...
nikaenda kuinjika maharage.

Chumba chetu kimeegemea jabali.
Ukuta wa nyuma hakuna, ni jiwe lenyewe limeingia ndani;
siku ninapanga, mwenye nyumba aliniomba radhi kwa hilo.
Usiku feni ikizima Fedha anajibandika pale, tumbo kwenye jiwe,
pumzi zikishuka taratibu,
na mimi kando yake nabandika mgongo.

Nimeliandika nalo, mstari wa mwisho: jiwe.
Mbele yake, penye bei,
kalamu nimeishika mpaka wino umeacha doa.