Paji la Uso la Vinko

Miaka thelathini na mmoja
mume wangu alipeleka barua bonde la Soča
kwa baiskeli ya njano, theluji ikimfika vifundoni,
na hakuna bahasha iliyofunguka mkononi mwake.
Hata ile iliyokuja imelowa, gundi imeachia,
aliifunga kwa mate yake mwenyewe
huku akitazama pembeni.

Kisha Machi moja alisimama langoni kwa Terezija
akamsomea barua ya hospitali
kwa sauti ya mnadani,
mashemeji wakisikia, mbwa akisikia,
akacheka alipofika kwenye neno “titi”.

Ndivyo ilivyoanza.
Alikula keki ya matanga kabla jeneza halijatoka.
Alimwambia padri soksi zake zinanuka, na kweli zilinuka.
Alichuma matufaa ya Zalokar mchana kweupe,
akajaza mfuko wa posta,
barua akaziacha matawini kama nguo za kuanikwa.

Watu walisema: pombe. Wengine: mwanamke.
Mama yake, miaka themanini na minne, alisema:
huyu si wangu, nirudishieni wangu.

Ljubljana, daktari Pirnat aliwasha picha ukutani,
akaweka kiganja kwenye paji lake la uso
kama mtu anayejipima homa.
“Hapa,” alisema. “Ndewe za mbele za ubongo. Zinasinyaa.”
Huko nyuma kumbukumbu zimekaa zote vitini mwao:
Vinko alitaja misimbo ya posta toka Bovec hadi Tolmin
bila kukosea hata mmoja,
akataja tarehe ya harusi yetu, na mvua ya siku ile.
Ila alipoambiwa apange safari ya nyumba nne
alianza na ya tatu, akarudi ya tatu,
akamwomba muuguzi busu.

Nilidhani paji la uso ni mahali pa kuandikiwa tu,
majaaliwa, basi.
Kumbe nyuma yake ameketi karani mwenye muhuri:
hili lipite, hili lisubiri,
hili lisitoke kabisa.
Karani wa mume wangu anaacha kazi kidogo kidogo,
na hafungi mlango.

Usiku, nikifua shati lake lenye jamu,
nilijiuliza swali la aibu:
wema wake wote ule ulikuwa wake,
au wa kipande cha nyama kipana kama kiganja?
Na wangu je, unaning’inia kwa mshipa gani?

Halafu Jumapili, supu mezani,
akasema, kama anayeomba chumvi:
“Mwaka themanini na saba ilikuja barua yako toka Trieste.
Ya Bruno. Niliifungua. Nikaichoma.”
Akaikariri yote, hadi mkato wa mwisho:
kituo gani, Alhamisi ipi,
koti la rangi gani nitakalomtambua nalo.

Nilishika kijiko, sikukiinua.
Aliyeichoma alikuwa Vinko mzima,
ndewe zimejaa, karani yuko kazini,
muhuri umekauka wino vizuri.
Anayeungama ni huyu mgonjwa, ana supu kidevuni.
Nimshitaki yupi? Nimsamehe yupi?
Ubongo ukimegwa herufi moja, husomeka uongo;
wake umemegwa,
ukatoka ukweli.

Mkaguzi wa posta alileta fomu.
Penye “sababu ya kosa” niliandika: kusinyaa.
Penye “tarehe ya kosa la kwanza”
niliacha wazi.

Siku hizi kila asubuhi nampa mfuko,
bahasha sita nilizozifunga mwenyewe,
anwani zote za hapa hapa:
jikoni, ghalani, kwa kuku.
Huzirudisha zimechanika, anacheka.

Jana aliniletea moja, haijafunguliwa.
Nimeilaza karibu na mkate, naitazama.
Labda ni yeye.
Labda ni gundi ya siku hizi tu.