Sweta la Kwenda Njombe

Nilijifunza kufuma Butimba.
Chuoni, si gerezani. Watu wa hapa wataelewa
kwa nini naanza na hilo.

Mwanza hatuvai sweta.
Labda mwenye homa, labda mlinzi wa usiku
kiwanda cha minofu.
Mchana wa Kitangiri bati linalia ta! ta! kwa joto,
uzi wa sufu unaninata vidoleni,
nami nimekaa kizingitini, kazi imenifunika mapaja,
kama mwehu anayeota moto saa nane.

Lakini Minza aliolewa Njombe,
kwa akina Mligo, watu wema, watu wa baridi,
akazaa huko mtoto, akamwita Limi.
Limi ni jua, kwetu Wasukuma.
Nikamwambia kwenye simu: umelipeleka jua letu
mahali ambapo nalo linahitaji koti.

Vipimo vilikuja kwa kamba ya kiatu:
kifua, kamba moja na fundo;
mkono, nusu kamba, "ila ongeza, mama, anakua usiku."
Nikaongeza vidole vinne.
Uzi nilinunua Makoroboi, kwa Shija,
madonge matatu ya buluu na moja la kijivu.
Buluu ya tatu haikufanana na ndugu zake.
Shija aliapa zote zimetoka katoni moja.

Nikafuma ziwa hivyo hivyo:
chini buluu iliyochujuka, juu buluu iliyokoza,
na mstari katikati unaoonekana
hata na mwenye mtoto wa jicho.
Uliniudhi siku mbili.
Ya tatu nikapanda mawe ya nyuma ya nyumba, nikatazama vizuri.
Mstari uko.
Karibu na ufuko maji yamechoka,
mbele huko yana akili zake.
Shija hakunipunja. Mara hii.

Jiwe ndilo lililonitoa jasho.
Lile la Bismarck, tunaloliona tangu tukiwa mgongoni,
miguu majini, kichwa kimewekwa juu juu
kama aliyetaka kuanguka akaghairi.
Nilichora miraba kwenye daftari la hesabu:
vitanzi kumi na viwili, kisha tisa, kisha kumi na vinne,
maana jiwe letu ni pana kichwani kuliko shingoni.
Jaribio la kwanza: chungu.
La pili: mzee amelala na kofia.
Nikafumua.
Kufuma, kufumua: herufi moja tu kati yao
na usiku mzima.

Nkwimba wa jirani akaja kuomba chumvi,
akalikuta la tatu.
"Mwalimu, hivyo ni viazi?"
Nilimpa chumvi. Nusu kijiko.

Nikawaza sangara: mkia, jicho, umemaliza.
Lakini sangara aliletwa.
Jiwe halikuletwa na mtu,
jina lake tu ndilo lililoshuka melini.
Nikabaki na jiwe.

Liliondokea stendi ya Nyegezi
ndani ya mfuko wa sukari, na dagaa wakavu kilo mbili,
makusudi,
ili sweta lifike likinuka nyumbani.

Jumapili picha ikaingia, nyuma yake video.
Limi kasimama mlangoni, mvuke unamtoka mdomoni,
mikono ya sweta imekunjwa mara mbili,
ziwa limemfika kitovuni.
Sauti ya Minza: "Limi, hiki nini?"
Mtoto akajishika kifua, akalipapasa jiwe la Mwanza
kwa viganja vyote viwili,
akajibu kwa uhakika wa watu wa Njombe:
"Kiazi."

Nimeisikiliza mara sita.
Nkwimba hajui, wala hataambiwa.

Uzi wa kijivu umebaki, unatosha kofia.
Wakija Desemba nitamshika mkono,
tutashuka taratibu hadi pale majini
nimwonyeshe kiazi chenyewe.