Kibao

Tulitia saini daftari la stoo, kila mtu na namba yake,
na Mwalimu Baya akasema: humu mna vitabu kibao.
Tukacheka. Hakuwa anatania.
Mia tatu na kumi na viwili,
ndani ya kitu chepesi kuliko sahani ya plastiki.

Nyumbani Maweni hawe alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.
"Kibao? Hata mimi ninacho," akasema.
"Changu kina meno. Chako je, kinauma?"

Kinauma, hawe.
Kinauma mwalimu anaposema, fungueni ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
nami sina kurasa, nina asilimia.
Niko arobaini na moja kwa mia ya mwili wa binadamu,
mahali fulani chini ya mbavu,
na Dzame, ambaye macho yanamsumbua,
amekuza herufi hadi neno figo
limejaza kioo kizima.

Kinauma zaidi kwenye moyo.
Maelezo yanasema: nyekundu ni ateri, buluu ni vena.
Kwangu zote ni jivu.
Damu inayokwenda na damu inayorudi
zinapishana kama watu waliokosana.
Niligusa picha niikuze. Kikawaza,
kikafumba jicho lake jeusi,
kikaniletea faharasa.

Nisikiseme kwa ubaya tu.
Stima ilipopotea siku tatu, chenyewe kilikuwa macho.
Na juani, kwenye foleni ya mitungi,
simu za wenzangu zimegeuka vioo vya kujitazamia,
chenyewe kilitulia kama karatasi.
Ini lote nililisomea bombani.

Cha karatasi kipo, dukani karibu na stendi,
kimefungwa nailoni, kina rangi zote.
Bei yake ni mbuzi. Si huyu wa kukunia.
Yule wa miguu minne, na mwanawe.

Basi Ijumaa usiku nikafungua kopo la biskuti la hawe,
lile la vifungo,
nikatoa uzi mwekundu, nikatoa uzi wa buluu,
nikailaza juu ya kioo, polepole, nimebana pumzi,
nikifuata mstari wa jivu kwa mstari wa jivu.

Hawe akasogea na taa. Hajui a wala be.
"Huu mwekundu unakwenda wapi?"
Mkononi, hawe. Kichwani. Miguuni.
"Na huu?"
Huu unarudi.
Akajishika kifundo cha mkono, akanyamaza,
midomo ikihesabu.

Hapo kidole changu kikateleza.
Kioo kikapepesa, yakaja mapafu,
na nyuzi zikabaki zilipokuwa,
nyekundu na buluu,
zimezunguka mahali pasipo na moyo.

"Kirudishe," akasema hawe,
mkono wake bado umeshika mkono wake.
"Nilikuwa sijafika."