Hapa Subiri Mvua

Tukuyu mvua haipigi hodi, inaingia na viatu.
Ukumbi wa Wamoraviani ulikuwa na bati tupu, bila dari,
na ikishuka, hata chifu jukwaani
alibaki mdomo tu, unafunguka, unafunga.

Ndipo Tusajigwe akaanza kuandika pembeni, kwa penseli nyekundu:
Hapa subiri mvua.
Mama mkwe kainua kidole cha laana. Subiri mvua.
Bwana harusi mlangoni, mguu mmoja ndani. Subiri mvua.
Tuliganda, mara nyingine nusu saa,
watu wakimenya karanga, wakitutazama tusivyosema,
wala hakuna aliyeondoka.

Mimi sikuwa na sura ya jukwaani.
Nilikaa nyuma ya pazia, shuka la mchungaji,
na daftari magotini, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mnong'onezaji.
Ambakisye akisahau nampa neno kwa pumzi,
kama umpavyo mtoto uji, ukipuliza kwanza.

Akaja bwana wa Mwanjelwa, tajiri wa viazi,
amenunua kamera kabla ya kujua ataipigia nini.
Akasoma tamthilia yetu akiwa amesimama.
"Mama, maneno mengi. Kamera ina macho."

Tusajigwe akahamia Mbeya, chumba cha kupanga Sokomatola,
akaandika upya mara saba.
Malipo ya kwanza pesa, ya pili ahadi,
ya tatu gunia la viazi, nalo lumbesa.
Nilimpelekea ndizi, nikakuta ile laana,
kurasa tatu nilizozishika kwa moyo miaka tisa,
imekuwa hivi:

NDANI. JIKONI. USIKU.
Mama mkwe anafunika chungu.

"Ndiyo hii? Laana nzima?"
"Imo humo. Mfunikie chungu mtu mwenye njaa, uone."
"Na mnong'onezaji?"
Akatazama penseli yake.
"Huku wakisahau, wanarudia."

Nilirudi kwa basi la jioni, ndizi nimeziacha,
nimesahau hata kuomba kikapu.

Mwaka uliofuata walileta filamu nyumbani,
ukumbi uleule, bati lilelile,
ukutani shuka jeupe, sijui la nani.
Jina lake limeandikwa Tusajile. Hakusema kitu.
Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, koti hajavua.

Dakika ya ishirini, mvua.
Ambakisye ukutani, mkubwa kama nyumba,
mdomo unafunguka, unafunga,
na filamu haikusubiri.
Ilikwenda zake, kama gari lisilojua kuna mtu anakimbia nyuma.
Watu wakaguna. Mtoto akauliza anasema nini.

Sijui nani aliniinua.
Nikasimama kando ya shuka, safari hii mbele ya watu,
nikayatoa maneno kwa sauti yote niliyoificha ujana mzima,
nikimkimbiza Ambakisye midomo kwa midomo,
ya bibi harusi, ya mjumbe, ya mlevi,
mpaka jikoni.

Chungu. Mkono. Kifuniko.

Nilikuwa nazo kurasa tatu kooni, zimepangwa, hazijapungua nukta.
Mama mmoja wa mbele akajishika tumbo.
Nikageuka kumtafuta Tusajigwe gizani:
kidole chake kilikuwa juu,
kama zamani alipotuonyesha bati.

Nikafunga mdomo.
Mvua ikaendelea.