Kabari

Sadoki anabadili gia, gari linakohoa.
Mbeya tumeiacha chini, mabati yanameta
kama sufuria zilizoanikwa.
Kawetele imepita na viazi vyake kwenye sado,
mikaratusi imepita. Sasa ni pareto tu,
maua meupe yaliyojikunyata,
na njia ya zamani ya Chunya, nyembamba,
inayopinda kama mtu anayetafuta namna ya kukataa.

Baba aliijua njia hii kwa kisogo.
Alikuwa utingo wa Bedifodi
lililopeleka unga, chumvi na mafuta ya taa
kwa wachimba dhahabu wa Lupa.
Kila kona, lori likikata pumzi, likitaka kurudi nyuma,
yeye huruka na kabari ya mninga mkononi.
"Tia!" dereva hulia. Naye hutia.
"Toa!" Naye hutoa,
hukimbia na mti wake, vumbi mdomoni,
mpaka kona inayofuata.

Miaka kumi na mmoja.
Nilipomuuliza mlima ulikuwaje
alisema: "Mlima? Mimi nalijua tairi."

Basi nimekuja kumtazamia.
Nimevaa koti lake, lile lenye kifungo kimoja
kisicho ndugu na wenzake.
Hapa panapoitwa Mwisho wa Dunia
tunashuka, tunasogea ukingoni:
ukungu. Mweupe pe, hadi puani.
Usangu nzima imefunikwa kama chungu.
Sadoki anacheka: "Dada, mlima umefunga duka."

Natazama chini, kwa kukosa pa kutazama.
Konani, majanini, yamelala mawe
makubwa kama kichwa cha mtoto, yamesagika upande mmoja.
Yalitiwa nyuma ya magurudumu, yakaachwa papo hapo
na watu waliokuwa na haraka ya kuishi.
Naokota moja. Zito, lina baridi ya kisima.

Breki ya mkono ya Sadoki ilikufa tangu Krismasi.
Sisemi kitu. Nakwenda nyuma ya gari,
napiga goti topeni,
nalisukumia jiwe tairini, nalikaza kwa teke.

Ninapoinuka, ukungu umepasuka mahali pamoja,
padogo kama kioo cha lori:
bondeni, mbali mno, uzi wa maji,
na moshi wa mtu anayepika.

Nageuka kwanza kuliangalia tairi.
Limetulia.
Ndipo natazama.