Stika ya Kioo cha Nyuma

Gari lilitoka Japani na stika yake,
ya kijani, kwenye kioo cha nyuma,
maandishi kama njiti zilizomwagika,
lakini namba nilizisoma:
thelathini na mbili nukta sita,
kilomita, kwa lita moja.
Nani aliipata hiyo? Kwenye barabara gani?
Nadhani walimpa usukani mtu mwembamba
asiyekunywa chai asubuhi,
wakaufungia upepo nje.

Mimi niko Bombo.
Kutoka kwangu hadi Wobulenzi kuna matuta kumi na manane.
Nimeyahesabu. Mimi ni mhasibu wa shule.

Tuko watatu wenye ugonjwa huu.
Okwalinga, mpima ardhi, aling'oa tairi la akiba
akalilaza chini ya kitanda chake.
Nalubowa wa duka la dawa anavua viatu,
wayo usikie pedali inavyopumua.
Jumamosi tunakutana penye pampu za Luweero
tukionyeshana picha za dashibodi:
ishirini na saba nukta moja,
ishirini na saba nukta nne.
Kwa nukta tatu mtu hununuliwa soda.

Mlima nauanzia bondeni.
Kileleni nainua mguu, injini inanyamaza,
betri inapokea kazi bila kuulizwa.
Kimya kile, sijui nikueleze vipi.
Unasikia changarawe zikisemezana na mpira,
unasikia mwanamke kando ya njia akimwita mtoto
jina lote, mpaka mwisho,
na nyuma yako lori la matoke
linapiga honi kama limefiwa.

Zamzam, mke wangu, hapandi tena kwa furaha.
Nilimwomba, kwa adabu,
ashuke na mtungi wa gesi achukue bodaboda.
Akaniuliza: "Mahari yangu ulilipa kwa kilo?"

Novemba tulimfuata mama hospitali, Gulu.
Nyuzi kumi na nne tumboni.
Magodoro mawili kiti cha nyuma, Zamzam, masufuria,
na mapapai saba,
zawadi ya mgonjwa wa kitanda cha pili.
Nikasema tuyaache.
Mama akasema: "Daktari kanikataza kunyanyua.
Kubebewa hakunikataza."

Madirisha wazi, alitaka hewa.
Karuma alitaka kuwaona nyani.
Kila tuta nililiingia
kama aliyechelewa msikitini, 
anapita kati ya safu, viatu mkononi.
Dashibodi sikuitazama. Nilitazama kioo,
mdomo wake ndani ya kioo:
ukijikunja, natoa mguu.
Nakasongola baiskeli ya magunia mawili ya mkaa
ikatupita. Mwenyewe akatupungia.

Tuliingia Bombo usiku.
Nikazima injini haraka nikamshike mama,
na kabla skrini haijafa
niliona tatu, na tatu nyingine pembeni yake.
Nukta sikuiwahi.

Okwalinga aliuliza: "Picha iko wapi?"
Nalubowa aliuliza: "Kidonda kinakauka?"

Jumatatu nikajaza tangi mpaka shingoni
nikagawanya nyuma ya risiti.
Thelathini na mbili nukta nne.
Nikagawanya tena.
Nikabadilisha kalamu.

Nukta mbili!
Nikarudi nyumbani nikiyawaza masufuria,
madirisha, magodoro,
hata nyani, maana pale tulisimama.
Mama amekaa mkekani, kajiegemeza ukutani,
anapasua papai la mwisho.
"Kula," akasema, "umekonda."
Nikakipokea kipande,
nikakishika kidogo kabla ya kukila.
Robo kilo. 
Labda na zaidi.