Msomaji Nambari 40718

Kila Jumanne, sanduku la posta pale Sarit
hupokea jarida la Ujerumani, la hisa na viwanda,
limefungwa nailoni, lina jina la Bwana Lutz
aliyezikwa Lang'ata mwezi wa Februari.
Alilipia miaka mitatu mbele. Kifo hakikuulizwa.

Mwikali, karani wake wa miaka kumi na tisa,
hulibeba hadi ofisi tupu ya Parklands,
huchana nailoni kwa ufunguo wa gari
lililokwisha kuuzwa,
alivyokuwa akichana mwenyewe.

Leo mna fomu ndani: tungependa kuwajua wasomaji wetu.
Anafungua kamusi ya marehemu, taratibu.

Cheo chako? Anaandika: mwenye ufunguo.
Mapato kwa mwaka? Anacheka, anaruka.
Unaanzia ukurasa gani?
Wa mwisho. Alizoea kusema
mbele wanajisifu, nyuma wanakiri.
Mimi natafuta bei ya kahawa tu;
Kangundo tuna mibuni mia mbili,
na nambari ni nambari, hata kwa Kijerumani.

Wangapi wengine husoma nakala yako?

Kalamu inasita.
Anatazama kiti.
Anaandika: mmoja.